Kunguru Hafugiki

Kila Jumapili bibi yangu hupiga simu kutoka Kisarawe. Tukishamaliza salamu na habari za magoti yake, huuliza swali lilelile: "Minana wamerudi?" Jumapili moja mwaka jana nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Wamerudi, bibi." Hawakuwa wamerudi. Mnazi wake ulikuwa mtupu, na juu ya kuti refu kuliko yote alikaa kunguru mmoja akinitazama kama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Nyumba yetu iko Tabata, kwenye ukingo wa bonde la mto Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, palipo na mikoko. Watu wengi wanaulijua bonde hili kwa mafuriko tu. Lakini ukikaa kibarazani kwetu saa kumi na mbili asubuhi na kikombe cha chai, utaona mengine. Yangeyange hushuka kwenye bustani za mchicha. Mdiria hukaa juu ya bomba bovu akivizia samaki. Kenge hutoka kwenye matete, hupita taratibu nyuma ya choo, na kuku wote hunyamaza. Tipitipi akianza kuteremsha sauti yake, bibi alikuwa anaanua nguo kambani. Kwake huo ndio ulikuwa utabiri wa hali ya hewa, na mara nyingi hakuloa.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila ninachokiona. Kurasa nyingi zina jina moja: kunguru. Si yule mwenyeji wa Afrika, mkubwa, mwenye kifua cheupe. Huyo, ambaye bibi anasema aliwakuta wengi alipohamia hapa mwishoni mwa miaka ya 1970, nimemwandika mara sita tu. Ninayemwandika kila siku ni yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, anayeamka kabla ya adhana na kulala baada ya mama lishe.

Huyu ni mgeni, na historia ya kuja kwake inajulikana. Makao yake ya asili ni India na nchi jirani zake. Zanzibar ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 kunguru hawa waliletwa Unguja kwa makusudi. Kazi yao ilikuwa kula taka. Mji ulikuwa mchafu, na kumleta ndege kulionekana rahisi kuliko kuajiri wafagiaji wa kutosha. Kufikia mwaka 1917 ndege huyohuyo alikuwa ametangazwa rasmi kuwa mharibifu, na watu walikuwa wakilipwa kwa kupeleka mayai na makinda yake. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amegeuka adui wa serikali ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Baada ya hapo alienea pwani yote, na leo ukishuka kwenye basi katika mji wowote wa pwani yetu, yeye ndiye wa kwanza kukupokea.

Kosa lake si kelele. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anachukua vifaranga uani, anamfukuza mwewe kwa kumvamia kundi zima. Minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia, hawamwezi. Nimemwona kunguru akining'inia kichwa chini kwenye mnazi wa bibi, akipasua kiota kama mtu anayefungua bahasha.

Lakini kunguru hakai mahali pasipo na chakula, na hapa kwetu chakula kilikuwepo. Jalala kuu la jiji lilikuwa Tabata. Bibi anakumbuka moshi uliokuwa ukiingia hadi kwenye chandarua. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, walishinda. Hata hivyo taka ziliendelea kumwagwa hadi mwaka 1991. Kisha jalala likahamia Vingunguti, ng'ambo ya bonde letu, baadaye Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Nilipomuuliza bibi kama kunguru walipungua baada ya kesi, alicheka. "Wale hawakuwa washitakiwa," alisema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilifanyika kampeni ya kuwapunguza kunguru Dar es Salaam, kwa mitego na sumu. Zanzibar walikuwa wameshafanya hivyo miaka ya 1990. Sumu inayotumika haimwui ndege papo hapo. Anakula, anaruka, anakufa baadaye akiwa mbali na chambo, ili wenzake wasishtuke. Mtaani kwetu tundu moja la waya liliwekwa nyuma ya nyumba ya jirani, likiwa na kunguru hai ndani wa kuwavuta wengine. Sisi watoto tulikuwa tukienda kuhesabu kabla ya kwenda shule.

Na kweli walipungua. Mwaka 2013 minana walijenga kwenye mnazi wa bibi. Alinituma nipande ukuta nihesabu viota, nikapata kumi na tisa. Kila aliyekuja kutusalimia aliambiwa idadi hiyo kabla hajakaribishwa maji. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyotuachia tope hadi dirishani, na nadhani bibi alihitaji kuona kitu kinajengwa.

Kampeni ikaisha. Kunguru wakarudi, kama walivyorudi Zanzibar. Mwaka 2016 bibi alihamia kwa shangazi Kisarawe, na msimu huo viota vilikuwa vitatu. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, halafu nikaona aibu, kwa sababu ya jambo nililolifanya mwenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo niliangusha kiota cha kunguru kwenye muarobaini wetu kwa upondo. Kilikuwa na makinda wawili, na mmoja alikufa palepale. Kwa wiki kadhaa kunguru wale walinivamia kichwani kila nilipotoka. Hawakumgusa mtu mwingine. Nilipokiokota kiota nilikuta kimejengwa kwa vijiti, nyaya, na vipande vya mfuko wa unga. Mfuko ule niliutambua. Ulikuwa wetu. Sisi, kama majirani wengi, tulikuwa tukingoja mvua kubwa ili tumwage taka korongoni zichukuliwe na maji. Mimi ndiye nilikuwa nikizibeba. Asubuhi niliandika kwenye daftari kuhusu kunguru mharibifu, usiku nilimwandalia meza.

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Nadhani huyu wa shingo ya kijivu tumemfuga bila kujua. Haishi mbali na watu. Popote alipo duniani, yuko kando ya makazi yetu, machinjio yetu na majalala yetu. Unguja walimleta afanye kazi ambayo watu hawakutaka kuifanya, na kila kampeni tangu hapo imemshughulikia mfanyakazi huku ile kazi ikibaki palepale. Sisemi mitego haina maana, maana viota kumi na tisa niliviona kwa macho yangu. Nasema tu kwamba ukimwondoa kunguru ukaacha ndoo wazi, umempisha kunguru mwingine.

Siku hizi tunamlipa kijana wa mkokoteni kila wiki, na pipa letu lina kifuniko chenye jiwe juu. Majirani wanne wamefanya hivyo. Ni nyumba tano katika bonde lenye maelfu ya nyumba, na mnazi bado ni mtupu.

Mwezi uliopita nilimwambia bibi ukweli. Nilimweleza kwamba minana hawajarudi, na kwamba siku ile nilimdanganya. Alinyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa shangazi akiwika nyuma yake.

"Nilijua," alisema. "Wangekuwa wamerudi ungenitajia idadi ya viota."

Halafu akaniuliza kama kwenye matete kule chini nimewahi kuangalia. Sikuwahi. Jumamosi iliyofuata nilivaa viatu vya mpira nikashuka. Nilipata viota vinne, viwili vikiwa vya kijani bado, na dume mmoja akining'inia kwenye kimoja akisuka. Jumapili simu ilipolia nilitaja idadi kabla ya salamu.