Bei Ikikosewa Dukani: Waliotutangulia Walifanya Nini?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Baada ya darasa la Jumamosi hapa Buyenzi, binti mmoja wa chuoni alibaki nyuma wenzake walipotoka. Mkononi alikuwa na risiti. Mama yake alikuwa amemtuma kwenye duka kubwa la mjini akanunue makopo mawili ya maziwa ya unga, na dada aliyekaa kwenye mashine ya malipo alihesabu kopo moja tu. Binti hakuona mpaka alipofika nyumbani. Kaka yake akamwambia anyamaze: hiyo ni riziki imekuja yenyewe, duka lile lina pesa nyingi, tena mwenyewe si Muislamu. Mama akasema, kamuulize ustadhi wako.

Nilimjibu palepale kwa maneno machache kwamba pesa ya kopo la pili ni ya watu, irudishwe. Lakini maneno ya kaka yake nimeyasikia kwa watu wazima pia, hata kwa wanaoswali safu ya mbele. Kwa hiyo nimeona tuirudie historia, tuwaone wenzetu waliofikwa na jambo hilihili.

MIZANI MIWILI

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, watu wa mji ule walikuwa wabaya sana katika vipimo. Ikateremka Suratul Mutaffifin, nao wakajirekebisha. Jina la sura linatokana na neno lenye maana ya kitu kidogo, kwa sababu mpunjaji huchukua kidogo kidogo, kiasi ambacho mtu haoni haja ya kukigombania.

Tazameni vizuri aliyelaumiwa katika sura ile. Ni mtu mwenye mizani miwili: anapopokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na anapowapimia wao hupunguza. Sasa tujiulize. Mashine ikituzidishia faranga mia tano, si tunarudi mbio na risiti, sauti juu? Ikitupunguzia faranga elfu tano, tunaiita riziki. Mizani miwili ni hiyo hiyo, ila safari hii imo mikononi mwa mnunuzi.

Na hoja ya kwamba mwenye duka si Muislamu ilikwisha jibiwa mwaka ule ule wa 622. Maquraishi walikuwa wanamtafuta Mtume (S.A.W.) wamuue, huku amana zao wameziweka kwake. Alipoondoka Makka alimwacha Ali (R.A.) azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa mali ya waliotaka damu yake ilirudishwa, vipi mali ya jirani yetu anayetuuzia maziwa?

FARASI WA JARIR

Sahaba Jarir bin Abdillah al-Bajali (R.A.) alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kusimamisha Swala, kutoa Zaka na kumtakia kheri kila Muislamu. Siku moja mtu wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, akamwambia muuzaji kwamba mnyama huyu thamani yake imezidi hapo, je, atakubali 400? Kisha akapandisha tena na tena mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, akaikumbusha ile ahadi yake.

Huyu alikuwa mnunuzi. Muuzaji alikwisha ridhika, na hakuna ambaye angemlaumu Jarir. Lakini aliona mwenzake hajui thamani ya mali yake, naye hakutaka faida itokanayo na kutojua kwa mwenziwe.

"MTOTO AMEKOSEA"

Katika Tabiina wa Madina alikuwapo Muhammad bin al-Munkadir. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amekitaja kisa chake katika Ihya. Alikuwa na nguo za dirhamu tano na nguo za dirhamu kumi. Alipokuwa hayupo, kijana wake akamuuzia bedui nguo ya tano kwa kumi. Aliporudi na kujua, alimtafuta yule bedui siku nzima mpaka akampata, akamweleza kwamba kijana amekosea.

Bedui akasema ameridhika. Ibn al-Munkadir akamjibu kwamba hata kama yeye ameridhika, wao hawamridhii ila kile wanachojiridhia wenyewe. Akampa mambo matatu achague moja: achukue nguo ya kumi, au arudishiwe tano, au arudishe nguo na apewe pesa yake yote. Bedui akachukua tano zake.

Huko Basra, Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo, alipatwa na jambo kama hilo. Alikwenda kuswali akamwacha mtoto wa ndugu yake dukani, na mtoto akauza vazi la 200 kwa 400. Yunus alikutana na mnunuzi njiani, akalitambua vazi, akamrudisha dukani na kumpa 200 zake. Kisha akamkemea kijana. Kijana akajitetea kuwa mteja aliridhika. Yunus akamuuliza kwa nini basi hakumridhia mwenziwe anachojiridhia mwenyewe.

Na ikiwa mwenye haki hapatikani? Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alikuwa mfanyabiashara wa hariri mjini Kufa. Mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro, akasahau kuitaja kasoro hiyo, na mnunuzi hakujulikana tena. Abu Hanifa akaitoa sadaka pesa yote ya mauzo yale.

MUHTASIB HAKUONA

Dola za Kiislamu ziliweka afisa wa soko, muhtasib. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameieleza kazi yake kwa urefu: kukagua mizani na vipimo na kuzuia ghushi, hata kama hakuna aliyekuja kushitaki. Lakini hakuna muhtasib ambaye angemkamata Ibn al-Munkadir. Mteja alikuwa radhi na nguo yake amekwenda nayo. Aliyebaki kuona ni Allah (S.W.) peke yake.

Leo kazi ya kuhesabu imepewa mashine. Ile mistari myeusi juu ya bidhaa ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna iliyouzwa senti 67. Mistari ile haibebi bei, hubeba namba tu. Bei imo ndani ya kompyuta ya duka. Mfanyakazi akibadilisha bei kwenye kompyuta akasahau karatasi ya kwenye rafu, bei zinakuwa mbili. Kwa hiyo tusikimbilie kusema tumeibiwa. Mara nyingi ni mtu amesahau.

TUFANYE NINI?

Ikizidi, dai haki yako kwa upole. Si aibu. Ansari mmoja, ambaye wanavyuoni wengi humtaja kuwa ni Hibban bin Munqidh, alikuwa akipunjwa kila anaponunua. Mtume (S.A.W.) alimfundisha aseme anaponunua kwamba hakuna kuhadaana, na akapewa siku tatu za kufikiri.

Ikipungua, sema kabla hujatoka. Ukigundua nyumbani, rudi. Na kumbukeni kuwa aliyekaa kwenye mashine si mwenye mali. Akikwambia "acha tu", muulize msimamizi. Msimamizi mwenye mamlaka akisamehe, hapo imekuwa zawadi, ule kwa raha.

Binti yetu alirudi Jumatatu pamoja na mama yake. Yule dada wa malipo alikuwa amekwisha ambiwa kuwa hesabu yake ya siku ile imepungua, na upungufu ungekatwa kwenye mshahara wake. Kumbe riziki aliyoisema kaka ilikuwa inatoka kwenye chungu cha mtu.

Wazazi wenzangu, watoto wetu hawajifunzi uaminifu kwa kuhifadhi sura peke yake. Wanatutazama tunapohesabu chenji. Allah atujaalie mizani moja, tunapotoa na tunapopokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.