Nafasi ya kinga ya moto

Nafasi ya kinga ya moto ni umbali unaoachwa kati ya ukuta wa nje wa jengo na mpaka wa kiwanja, au katikati ya barabara, ili moto usiruke kwa jirani. Moto hauhitaji kugusa. Joto linalosafiri hewani huweza kuwasha pazia la nyumba ya pili. Kadiri ukuta unavyosogelea mpaka, ndivyo kanuni zinavyodai ustahimili moto kwa muda mrefu zaidi na uwe na madirisha machache. Katika kanuni ya mfano ya Marekani, ukuta ulio chini ya sentimita 90 hivi kutoka mpakani kwa kawaida hauruhusiwi dirisha lolote.

Mjini Bujumbura, Soko Kuu liliteketea Jumapili, 27 Januari 2013, na Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kuuzima moto. Hapo umbali wa mpakani usingetosha: bidhaa zilirundikana chini ya paa moja, na kanuni ya nafasi ya kinga hupima majengo, si meza za wachuuzi. Ndani ya soko kinachohitajika ni kuta za kugawa sehemu na njia pana zisizozibwa na mizigo. Katika mitaa iliyobanana ya mji huo, kama Buyenzi, ukuta imara usio na tundu ndio mbadala wa nafasi isiyokuwepo.