Watani, si maadui

Simba na Yanga, klabu za soka za Tanzania, huitwa watani wa jadi, na neno limekaa mahali pake: mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani kwako, mradi afike. Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, kufika ndiko kumekatika. Oklahoma na Oklahoma State, wa jimbo moja, walimenyana kwa zaidi ya karne. Mwaka 2024 Oklahoma wakahamia ligi ya SEC, kwenye pesa nono za televisheni, na mechi hiyo ikakoma. Oklahoma State ndio waliocheka mwisho: 27-24, Novemba 2023. Sasa wamtanie nani? Texas na Texas A&M, waliotengana 2011, wana nafuu. Walikutana tena 2024, ndani ya SEC hiyohiyo, Texas wakashinda 17-7 ugenini.