Nahau za Kiingereza zenye viungo vya mwili

Hizi ni semi za Kiingereza zinazotaja mkono, mguu, jicho, moyo au kiungo kingine, ilhali maana yake haipatikani kwa kutafsiri neno moja moja. Anayesema "to pull someone's leg" hajamgusa mtu mguu, anamtania. Mwenye "cold feet" ameingiwa na woga dakika za mwisho, aghalabu harusi ikiwa imekaribia.

Biblia imechangia nyingi. "To wash one's hands of" jambo fulani, yaani kujitoa lawamani, kunamkumbusha msomaji Pilato katika Injili ya Mathayo, na "by the skin of one's teeth", kuponea chupuchupu, asili yake ni Ayubu 19:20. Shakespeare naye, katika Othello, alimpa Iago maneno ya kuvaa moyo kwenye mkono wa nguo. Leo nahau hiyo humsifu au kumcheka mtu asiyeficha hisia zake, ingawa Iago ndiye mnafiki mkuu wa tamthilia hiyo. "To turn a blind eye", kufumbia macho, huhusishwa na Horatio Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza. Jicho lake la kulia lilipoteza uwezo wa kuona baada ya kujeruhiwa Calvi, Corsica, mwaka 1794. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Copenhagen, mwaka 1801, mkuu wake alipoonyesha ishara ya kusitisha mapigano, Nelson aliweka darubini kwenye jicho hilo na kusema haoni ishara yoyote.

Nahau ngeni kabisa hazimpotezi sana Mswahili, kwa kuwa atauliza. Zinazomponza ni zile zinazofanana na za kwake. "To break someone's heart" ni kumtia mtu simanzi, hasa ya mapenzi, wakati kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa: mwanafunzi huvunjwa moyo na alama mbaya. "To give someone a hand" ni kumsaidia, pengine kumpigia makofi. Kwetu mtu hupewa mkono wa kwaheri, wa heri au wa tanzia.

Umbo la nahau halichezewi ovyo. Kitenzi hufuata nyakati kama kawaida, lakini ukisema "pulling my legs", kwa wingi, Mwingereza atadhani kuna mtu anakuburuta.