Mkanda aliouacha Santo ulingoni

Tarehe 19 Aprili 2025 kampuni ya WWE ya Marekani ilitangaza kwamba inainunua AAA, moja ya kampuni mbili kubwa za mieleka nchini Mexico, kwa kushirikiana na kampuni ya Kimexico iitwayo Fillip. AAA ilikuwa mali ya ukoo wa Peña. Pamoja na jina, wapiganaji na mikataba ya televisheni, mikanda ya ubingwa nayo ilihamia mikononi mwa mwenye nyumba mpya.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, tuna sababu ya kuitazama habari hii kwa makini. Kutoka Nchelenge na Kashikishi ukivuka maji kwenda magharibi unaifikia Kongo, na Kongo mieleka ya kulipwa, wenyewe wanaiita kechi, ni mchezo wa mtaa kwa mtaa. Kinshasa imetoa majina kama Kelekele na Edingwe, wanaume waliojaza viwanja kwa nguvu za mwili na kwa madawa ya kienyeji wanayoyaonyesha hadharani. Wako wanaopigana wakiwa wamejifunika nyuso, kama Wamexico. Kwa hiyo swali la Mexico linatugusa: mkanda ni wa nani, wa kampuni iliyouchonga au wa watu waliokata tiketi miaka yote ili uwe na thamani?

Wamexico wamewahi kugombana juu ya swali hilo, na mzizi wa ugomvi huo uko mwaka 1952.

Mwanzo wa mieleka ya Mexico unajulikana. Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya EMLL na kufanya onyesho la kwanza tarehe 21 Septemba 1933 katika Arena Modelo, jijini Mexico. Ndiyo kampuni kongwe kuliko zote za mieleka zilizo hai duniani, na leo inaitwa CMLL. Arena Coliseo ilifunguliwa 1943, Arena México 1956. Tume ya ndondi na mieleka ya jiji ikawa na kauli juu ya mabingwa wa taifa, na mabingwa wakapangwa kwa uzito kama mabondia: welta, kati, na kuendelea juu. Pambano la ubingwa lilipiganwa kwa mizunguko mitatu, mshindi ni anayechukua miwili, na desturi ilitaka siku hiyo watu wapigane kwa ufundi wa mkekani, ukorofi uwekwe kando.

Mtafiti Heather Levi, aliyejifunza mieleka mwenyewe jijini Mexico kabla ya kuandika kitabu chake The World of Lucha Libre kilichotoka 2008, anasisitiza jambo ambalo mtazamaji wa WWE hulikosa. Huko mkanda ni kitu cha heshima, lakini barakoa ni kitu cha uhai. Bingwa akipoteza mkanda atausaka tena mwezi ujao. Aliyepoteza barakoa ulingoni hutaja jina lake la kuzaliwa mbele ya umma, na haivai tena. Nami nakubaliana naye: bila kulielewa hilo huwezi kuelewa kwa nini pambano moja la mkanda wa welta linakumbukwa mpaka leo.

Rodolfo Guzmán Huerta alipanda ulingoni kwa jina la El Santo mwaka 1942, akiwa na barakoa ya fedha. Watu wengi wanamjua kwa filamu, ambamo yeye ndiye steringi. Lakini katika miaka yake ya kwanza ulingoni Santo alikuwa adui, mkorofi anayezomewa, na kwa ukorofi huohuo akawa bingwa wa dunia wa uzito wa welta mwaka 1946.

Wakati huo walikuwapo vijana wawili waliojiita ndugu, Black Shadow na Blue Demon. Damu haikuwaunganisha. Black Shadow aliitwa Alejandro Cruz, Blue Demon aliitwa Alejandro Muñoz, mtu wa Nuevo León. Waliungana kwa kazi, nao pia walikuwa upande wa wakorofi. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1952, katika Arena Coliseo, Santo na Black Shadow waliweka barakoa zao rehani. Santo alishinda. Black Shadow akavua barakoa, na ukumbi mzima ukaiona sura yake.

Blue Demon hakukubali. Aliuacha upande wa wakorofi, akahamia kwa mafundi, upande wa wema, na akaanza kumfuata Santo kila alikopangiwa pambano. Tarehe 25 Septemba 1953 walikutana kwa mkanda wa welta, mkanda uliobeba herufi NWA, umoja wa mapromota wa Marekani uliokuwa umeundwa 1948 na ambao EMLL ilikuwa imejiunga nao. Blue Demon akamnyang'anya Santo ubingwa, na akakaa nao mpaka 1958, alipopokonywa na Karloff Lagarde. Barakoa ya ndugu yake haikurudi, kwa kuwa hairudi. Alichoweza kukipata kwa niaba yake ni mkanda, na akauchukua.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mkanda ule ulipopata thamani. Kabla ya usiku ule ulikuwa ngozi na chuma chenye herufi za Kimarekani. Baada yake, kila aliyeuvaa alikuwa anavaa kisasi cha Blue Demon, na mashabiki walijua.

Miaka ikapita. Katikati ya miaka ya 1950 mieleka iliondolewa kwenye televisheni, ikabaki kumbini na kwenye filamu. Santo alihamia upande wa wema mwaka 1962, akafariki tarehe 5 Februari 1984 na kuzikwa na barakoa yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 EMLL ilijitoa katika umoja wa NWA, lakini mikanda mitatu ya NWA, wa welta, wa uzito wa kati na wa uzito wa juu mwepesi, ikabaki nayo. Iliendelea kupiganiwa Ijumaa baada ya Ijumaa katika Arena México, wakati huko Marekani NWA yenyewe ilikuwa inadhoofika, wanachama wake wakubwa wakiondoka. Televisheni iliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Antonio Peña alijitenga na kuanzisha AAA mwaka 1992.

Kisha ukaja mwaka 2010. Tawi jipya la NWA nchini Mexico liliitaka CMLL iache kutumia jina la NWA, kwa hoja kwamba si mwanachama tena. Aliyeongoza tawi hilo alikuwa Blue Demon Jr., mtoto wa kulea wa Blue Demon yuleyule, ambaye mwaka 2008 alikuwa ameweka historia kwa kutwaa ubingwa wa NWA wa uzito wa juu. Mwana aliyerithi barakoa ya bluu alikuwa anawadai warithi wa Lutteroth mkanda ambao baba yake alimpora Santo.

Kisheria sidhani hoja yake ilikuwa dhaifu. Jina lilikuwa la NWA. Lakini ni nani aliyelilisha jina hilo kwa zaidi ya miaka 50? Ni watu wa jiji la Mexico waliokwenda kumbini baada ya kazi. Mwezi Agosti 2010 CMLL ilipata njia ya kutoka: iliachia mikanda ya zamani, ikatengeneza mipya na kuongeza neno Histórico katika jina. Averno, aliyekuwa bingwa wa uzito wa kati, akatambuliwa kuwa wa kwanza wa mkanda mpya. Naiona kuwa hatua ya hekima. Walirudisha chuma, wakabaki na orodha ya mabingwa.

Tangu hapo mapambano ya ubingwa hayajapungua. Huko Naucalpan, nje kidogo ya jiji, kampuni ya IWRG iliyoanzishwa 1996 na Adolfo Moreno ina onyesho lake la Caravana de Campeones, linalojengwa juu ya mapambano ya mikanda. Na tarehe 12 Septemba 2025, ndani ya Las Vegas, mkanda mkuu wa AAA ulitoka kwa El Hijo del Vikingo na kwenda kwa Dominik Mysterio, mpiganaji wa WWE.

Dominik ni mtoto wa Rey Mysterio na ukoo wake ni wa Tijuana, kwa hiyo siwezi kusema mkanda umekwenda kwa mgeni. Ninachokihofia ni hatima ya orodha ya mabingwa. Wamexico wanaijua orodha ya mabingwa wa welta tangu enzi za Santo kwa sababu kampuni, tume, magazeti na mashabiki waliandika. Zambia nasi tumeandika ya ndondi: Lottie Mwale alipotwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1979, ukumbi, mpinzani na matokeo vilibaki kwenye kumbukumbu. Mutomboko wa Mwata Kazembe huko Mwansabombwe, ngoma ya ushindi ya kila Julai, nao una watunzaji wake.

Kechi ya ng'ambo ya ziwa haina mtunzaji wa aina hiyo. Mabango yake ni ya karatasi na hunyeshewa mvua, na wazee waliosimama kando ya ulingo wakimshangilia bingwa wanazeeka. Mwenye bango, picha au daftari la mapato ya mlangoni, awe Kilwa, Pweto au Lubumbashi, aandike nyuma yake tarehe na majina ya waliopigana, kabla halijaja shirika kubwa kutoka nje na kutuuzia orodha ya kwake.