Kwa nini pesa za ushuru zinachimba mvuke?

Kila msimu wa siasa lazima usikie: "Jotoardhi waachiwe wawekezaji, serikali itoke." Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1956 visima viwili vilianza kuchimbwa Olkaria. Mvuke wa maana haukutoka. Stima ya kwanza ilikuja 1981, megawati 15 tu. Miaka 25! Mwekezaji gani angengoja?

Ndio maana 2008 serikali ikaunda GDC: umma ubebe hasara ya kuchimba, wengine wanunue mvuke ukishapatikana, wazalishe umeme. Menengai ni hivyo.

Kwa hivyo mimi siulizi kwa nini serikali inatoa pesa. Nauliza hivi: kisima kikikauka tunalipa sisi, kikitoa mvuke, mbona faida hatuioni kwa tokeni?