Nani Alipie Kibali? Gharama ya Kuoanisha Vibali vya Hewa vya Majimbo ya Marekani na Sheria ya Shirikisho

Kwa kawaida, muswada wa kurekebisha vibali vya uchafuzi wa hewa katika jimbo la Marekani hufika mbele ya wabunge ukiwa na makadirio ya fedha: wahandisi wangapi wataajiriwa, vikao vingapi vya kusikiliza wananchi vitaitishwa, mfumo wa kompyuta utagharimu kiasi gani. Makadirio hayo ni ya lazima. Kasoro yake ni kwamba huhesabu gharama ya kuifuata sheria ya shirikisho peke yake, kana kwamba kutoifuata ni bure. Hoja ya makala haya ni kwamba gharama hiyo haikwepeki. Kinachoamuliwa bungeni ni nani aibebe: mwenye dohani, au mwananchi anayevuta moshi wake.

Sheria ya Hewa Safi ya 1970 iliweka viwango vya kitaifa na kuyaachia majimbo sehemu kubwa ya kazi ya kuvitekeleza. Kwa miaka ishirini masharti ya kiwanda kimoja yalitawanyika katika kanuni za jimbo, vibali vya ujenzi na kanuni za shirikisho, na ikawa taabu kujua kiwanda kinawajibika kwa lipi hasa. Marekebisho ya 1990, katika Sura ya Tano, yaliamuru masharti yote ya viwanda vikubwa yakusanywe katika kibali kimoja cha uendeshaji kisichozidi miaka mitano. Rasimu hutangazwa, na umma hupewa siku zisizopungua 30 kutoa maoni. Shirika la Kulinda Mazingira la shirikisho, EPA, lina siku 45 za kupinga. Lisipopinga, mwananchi aliyetoa hoja zake mapema ana siku 60 za kuliomba lifanye hivyo. Kila mwaka ofisa mwenye dhamana kiwandani hutia saini kuthibitisha kama masharti yamefuatwa.

Bunge la shirikisho lilijua kwamba kazi hiyo ni ghali. Likayataka majimbo yatoze viwanda ada zinazotosha gharama zote za mpango huo, na ada hizo zisitumike kwa jambo jingine. Kipimo kilichowekwa ni dola 25 kwa kila tani ya uchafuzi, kikipanda kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei. Sasa kimepita dola 50. Kisheria, basi, mlipakodi wa kawaida hapaswi kuchangia hata senti katika utoaji wa vibali hivi. Anayedai kwamba kuvioanisha kunaitwisha hazina mzigo mpya ana wajibu wa kueleza kwanza kwa nini ada hazikutosha.

Mfano unaofundisha zaidi ni California. Kwa miongo kadhaa sheria ya jimbo hilo ilisamehe shughuli za kilimo zisihitaji kibali cha hewa. Msamaha huo uliyakinga mashamba makubwa ya Bonde la San Joaquin, mazizi yenye maelfu ya ng'ombe wa maziwa, na injini za dizeli za kuvuta maji ya umwagiliaji. Bonde hilo limezungukwa na milima pande tatu, hewa chafu hukwama humo, na ni miongoni mwa maeneo yenye hewa mbaya kuliko yote nchini. Sheria ya shirikisho haikutambua msamaha wowote wa namna hiyo. Kufuatia kesi zilizofunguliwa na wanamazingira, mnamo Oktoba 2002 EPA iliondoa sehemu ya idhini ya mipango ya vibali ya mamlaka 34 kati ya 35 za hewa za jimbo hilo, ikaichukua yenyewe kazi ya kutoa vibali kwa mashamba makubwa. Nyuma ya hatua hiyo yalisubiri makali ambayo sheria imeyaweka: kiwanda kipya kulazimika kufidia kila tani ya uchafuzi kwa kupunguza tani mbili kwingine, na jimbo kunyimwa fedha za barabara kuu.

Septemba 2003 Gavana Gray Davis alitia saini muswada SB 700, ulioletwa na Seneta Dean Florez kutoka bonde hilohilo, na msamaha ukafutwa. Wakulima walilalamikia fomu, ada na bei ya mitambo mipya, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Fedha za umma nazo zilitumika: ruzuku za mpango wa Carl Moyer, ulioanza 1998, zilisaidia kubadilisha injini kuukuu za pampu. Naiona kuwa ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini tuulize nani alikuwa akilipa kabla ya hapo. Sekta moja inaposamehewa, tani zake hukamuliwa kutoka kwa wengine: viwanda, wenye malori, wenye magari. Kinachobaki huingia katika mapafu ya vibarua wa mashambani na watoto wao, wengi wakiwa wa familia zilizohamia kutoka Mexico, katika bonde ambalo pumu ni ugonjwa wa kila mtaa. Deni la aina hiyo haliandikwi katika makadirio ya muswada wowote, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Wapinzani wana hoja moja nzito, na ushahidi wake uko Texas. Mwishoni mwa 2010 jimbo hilo lilikataa kubadilisha kanuni zake ili vibali vihusishe gesi joto. EPA ikachukua jukumu hilo. Mwekezaji akahitaji vibali viwili: kimoja kutoka tume ya mazingira ya jimbo huko Austin, kingine kutoka ofisi ya EPA iliyoko Dallas. Miradi ilicheleweshwa, na wenye viwanda wenyewe wakataka jimbo lipatane na shirikisho. Sheria ya HB 788 ikapitishwa mwaka 2013. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2014, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kiwanda hakiwezi kulazimishwa kupata kibali kwa sababu ya gesi joto peke yake. Je, Texas ilipoteza fedha bure kufuata kanuni iliyopunguzwa muda mfupi baadaye? Kwa sehemu, ndiyo. Hata hivyo mahakama haikuigusa kanuni kwa viwanda vinavyohitaji kibali kwa sababu nyingine, navyo ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya gesi hizo. Aidha, miaka ya vibali viwili ilitokana na kukataa. Kuoanisha ndiko kulikoimaliza.

Kuna kasoro nyingine ambayo watetezi wa sheria hawapendi kuizungumzia. Ada inayopimwa kwa tani hupungua kadiri hewa inavyosafishwa. Mitambo ya makaa ya mawe inapofungwa, ofisi ya vibali hupoteza walipaji wake wakubwa, huku vibali vilivyobaki vikizidi kuwa na masharti mengi. Mkaguzi Mkuu wa EPA alionya kuhusu upungufu huo mwaka 2014, akarudia 2022. Isitoshe, sheria inaliruhusu jimbo kutohesabu tani zinazozidi 4,000 za kila kichafuzi kwa mwaka, kwa hiyo mchafuzi mkubwa kupindukia hupata nafuu ambayo mdogo haipati. Hapo ndipo hazina huanza kutwishwa mzigo usio wake: nafasi za kazi huachwa wazi, vibali huisha muda bila kuhuishwa kwa wakati, wakaguzi hupungua.

Mara nyingi hujibiwa kwa takwimu za EPA za 2011, zilizokadiria kwamba marekebisho ya 1990 yangeleta faida ya takriban dola trilioni 2 mwaka 2020 kwa gharama ya dola bilioni 65. Nazikubali takwimu hizo, lakini zinapima sheria nzima. Hazituambii kibali kimoja kina thamani gani, na si haki kuzitumia kufunika udhaifu wa ada.

Sheria tayari inayaruhusu majimbo kutumia kipimo kingine cha ada, mradi kitoshe gharama. Mabunge ya majimbo yaanzie hapo: yaweke ada ya msingi kwa kila kiwanda na nyongeza inayolingana na uzito wa kazi ya kuandaa na kukagua kibali chake, na yaondoe nafuu ya tani 4,000. Na makadirio ya kila muswada yaoneshe pia gharama ya kutooanisha: vikwazo, vibali viwili, na matibabu ya wanaoishi karibu na dohani.